Chuma Kinahesabu: Kutoka Fuawe za Sanga hadi Lehemu za Reli ya Kamina

Kando ya Ziwa Kisale, pale ambapo Mto Lualaba unapoteza kingo zake na kugeuka mafunjo, matete na maji yasiyo na mwisho, kipo kijiji kiitwacho Sanga. Siku hizi eneo hilo, sehemu ya Katanga ya zamani, liko nchini Kongo katika mkoa wa Haut-Lomami, ambao makao yake makuu ni Kamina. Mwaka 1957 mwanaakiolojia Jacques Nenquin alichimba hapo. Mwaka uliofuata akaja Jean Hiernaux, na kuanzia 1974 Pierre de Maret akaiendeleza kazi hiyo kwa subira kubwa. Walikuta makaburi ya watu walioishi bondeni humo tangu karne ya 8, kizazi juu ya kizazi, karibu miaka elfu moja mfululizo. Kulikuwa na vyungu vya ustadi wa kupendeza, misalaba midogo ya shaba, minyororo ya waya wa shaba, visu, na shoka za heshima ambazo mipini yake ilipambwa kwa misumari ya chuma. Katika kaburi moja la bonde hilohilo la Upemba, marehemu alilazwa na fuawe karibu na kichwa chake.

Fuawe kando ya kichwa cha maiti ina maana yake. Kwa Waluba, wenyeji wa bonde hilo, uhunzi na utawala vilikwenda pamoja. Mapokeo yao yanasema kwamba Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni, ndiye aliyewaletea adabu za kifalme, na mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyeusimamisha ufalme. Tena mfalme mpya hakukamilika mpaka ipigwe fuawe mbele yake. Watu wa namna hiyo walikijua chuma kwa mkono. Mhunzi wa Kisale, aliyekuwa akivuta waya wa shaba na kuusokota kuwa mnyororo, lazima alijua jambo ambalo mtoto yeyote anaweza kulijaribu leo kwa kipande cha waya: uupinde, uunyooshe, uupinde tena. Mara ya kwanza hauna neno. Mara ya kumi hauna neno. Kisha unakatika vidoleni mwako, ingawa hukutumia nguvu zaidi ya ile uliyotumia mwanzo.

Jambo hilo ndilo habari yote ninayotaka kuisimulia. Wahandisi wanaliita uchovu wa chuma. Jina hilo linapotosha kidogo, kwa sababu mtu aliyechoka akilala anaamka na nguvu mpya, bali chuma hakipumziki. Treni ikishapita, treni imehesabiwa. Waluba walikuwa na lukasa, ule ubao wa shanga na alama ambao wazee wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole ili kukumbuka wafalme, safari na mipaka. Kila kiungo cha chuma ni lukasa ya namna yake: kila mzigo uliopita juu yake umeacha alama, hata kama jicho haliioni.

Reli iliingia Katanga kutoka kusini. Mwaka 1906 zilianzishwa kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga na kampuni ya reli ya BCK, yaani reli ya kutoka Kongo ya Chini hadi Katanga, na mhandisi Mbelgiji Jean Jadot akiwa nyuma ya zote mbili. Mwaka 1910 treni ya kwanza ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ikitokea Rhodesia. Mwaka 1918 reli ikafika Bukama, kwenye ukingo wa Lualaba, mahali ambapo meli zilianza safari ya kuteremka mto kupitia Ziwa lilelile la Kisale. Kisha, kati ya 1923 na 1928, ikajengwa njia ndefu ya kilomita 1,123 kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, kupitia Kamina na Kasai. Mikono iliyoijenga ilikuwa ya Wakongo waliokusanywa vijijini, wengi wao bila hiari. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alikuja mwenyewe mwaka 1928 kuizindua. Mwaka 1956 ikaongezwa njia kutoka Kamina kwenda Kabalo, na kwa njia hiyo Kamina ikaunganishwa na Kalemie, na kwa meli za Ziwa Tanganyika, na Kigoma na hatimaye Dar es Salaam. Kamina ikawa mji wa njia panda. Ukiuliza mji huo ulizaliwa na nini, jibu ni chuma juu ya chuma.

Lakini ujuzi wa kuhesabu uchovu wa chuma ulizaliwa kabla ya hapo, tena ulizaliwa kwenye migodi na kwenye reli. Ndiyo maana nasema habari hii ni ya watu wa Katanga kuliko ya watu wengi wengine.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820, huko Clausthal, Ujerumani, afisa wa migodi Wilhelm Albert alisumbuliwa na minyororo ya kupandishia mawe kutoka shimoni. Ilikatika ikiwa imebeba mzigo uleule iliokuwa ikiubeba kila siku. Akatengeneza mashine ya kuivuta na kuilegeza mara maelfu kwa maelfu, akaona kwamba kinachoimaliza ni marudio. Mwaka 1834 akabuni kamba ya nyaya za chuma, ambayo waya mmoja ukikatika nyingine hubaki zimeshika. Watu wote walioteremka migodini Kipushi, huko Katanga, wakaning'inia kwenye kamba ya namna hiyo wana deni kwake.

Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyojaa watu waliokuwa wakirudi Paris kutoka sherehe za Versailles iliacha njia huko Meudon. Ekseli ya injini ya mbele ilivunjika, injini zikarundikana, moto ukashika, na mabehewa yalikuwa yamefungwa kwa nje. Zaidi ya watu 50 waliteketea, akiwemo baharia mashuhuri Dumont d'Urville. Ekseli ile haikuwa imebeba uzito usio wa kawaida. Wengi walidhani chuma kimebadilika tabia ndani kwa ndani, kimekuwa kama kioo. Kijana mmoja wa Uskoti, William Rankine, alizikagua ekseli nyingine zilizovunjika, na mwaka 1843 akaonyesha kwamba ufa huanzia pembeni, pale ekseli inapopungua unene ghafla, ukaingia ndani polepole mpaka chuma kilichobaki hakitoshi. Naomba msomaji aliweke akilini neno hilo, pale umbo linapobadilika ghafla, kwa sababu tutalikuta tena.

Aliyelitia jambo hili namba ni August Wöhler, mkuu wa karakana za reli huko Frankfurt ya kando ya Mto Oder. Kuanzia miaka ya 1850 hadi 1870 alizungusha vipande vya ekseli kwenye mashine zake, akavipinda, akahesabu mizunguko mpaka vikatike. Alifanya kazi ya kuchosha kuliko zote duniani: kungoja chuma kivunjike. Aligundua kwamba kinachoua chuma ni tofauti kati ya mkazo wa juu na mkazo wa chini katika kila mzunguko, kuliko ukubwa wa mkazo peke yake. Tofauti ikipungua, maisha yanarefuka sana. Na akaona kwamba ekseli zake zilizokuwa laini, zisizo na kovu, zikipewa tofauti ndogo vya kutosha, zilionekana haziwezi kuvunjika kamwe. Matokeo yake yalionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris ya 1867. Mpaka leo mchoro wa mkazo na idadi ya mizunguko unaitwa kwa jina lake.

Madaraja ya njia ya Bukama hadi Ilebo yalijengwa katika zama za ribiti, kama madaraja ya reli ya dunia nzima wakati huo. Bamba linawekwa juu ya bamba, matundu yanalinganishwa, msumari mwekundu kwa moto unapenyezwa na kupigwa kichwa upande wa pili. Ni kazi nzito na ya makelele. Hata hivyo ina fadhila moja ambayo watu walikuja kuitambua walipoikosa: ufa ukianza katika bamba moja, unafika ukingoni na kusimama, kwa sababu bamba la pili ni kipande kingine. Daraja la ribiti ni kama ukoo. Mmoja akianguka, wengine wanabeba.

Kisha ikaja lehemu. Umeme unayeyusha chuma, chuma kinamwagika katikati ya vipande viwili, na vipande viwili vinakuwa kimoja. Kazi nyepesi, chuma kidogo, hakuna matundu. Wabelgiji waliipenda mapema. Katika miaka ya 1930, juu ya mfereji waliouita kwa jina la Mfalme Albert, yule yule aliyeizindua reli ya Kamina, walijenga madaraja kadhaa ya kulehemu kwa muundo wa mhandisi Arthur Vierendeel. Moja lilikuwa Hasselt, lenye urefu wa zaidi ya mita 70. Asubuhi ya baridi ya tarehe 14 Machi 1938, likiwa na umri wa mwaka mmoja na kitu, lilisikika likitoa mlio kama wa bunduki. Ufa ulifunguka upande wa chini, na baada ya dakika chache daraja zima likaanguka mferejini likiwa vipande. Hakuna aliyekufa.

Hasselt haikufa kwa uchovu. Ilikuwa changa mno. Ilikufa kwa sababu chuma chake hakikuvumilia baridi, na kwa sababu lehemu zilikuwa zimebakiza mvutano mkubwa ndani yake. Naitaja kwa kuwa ilifundisha, mbele ya macho ya watu, kile ambacho lehemu inakifanya. Chuma kilichoyeyuka kinapopoa kinasinyaa, lakini chuma cha pembeni hakikubali kusinyaa nacho. Basi kiungo kinabaki kimevutwa, kimekazwa karibu na mwisho wa uwezo wake, hata kabla gari la kwanza halijapita juu yake. Tena kwa kuwa vipande vyote sasa ni kipande kimoja, ufa ulioanzia popote una barabara wazi ya kwenda popote. Ukoo umegeuka kuwa mtu mmoja.

Hapa ndipo kiini cha jambo, nami nitakaa hapo kidogo.

Tazama baiskeli zinazoshuka kila alfajiri kutoka porini kuleta makaa mjini, Kamina au Bukama au Lubumbashi. Magunia matatu, manne, na kijana akiisukuma kwa mti uliofungwa kwenye usukani. Fremu ikikatika, hupelekwa kwa fundi wa kuchomelea kando ya barabara. Anaweka kipande cha bomba, anazungushia lehemu nene, kijana anashukuru. Baada ya miezi michache fremu inakatika tena. Itazame vizuri: imekatika pembeni ya lehemu, pale lehemu inapokutana na bomba. Lehemu yenyewe ni nzima kabisa. Kijana atasema fundi kaweka lehemu dhaifu. Fundi atasema bomba ni bovu. Wote wawili wamekosea. Pale ukingoni pana mambo matatu kwa pamoja. Umbo linabadilika ghafla, lile neno la Rankine, hivyo mkazo unajikusanya hapo kama maji yanavyojikusanya penye mfereji mwembamba. Pana ule mvutano uliobakia baada ya kupoa. Na pana vidonda vidogo sana, mikwaruzo, takataka za kuchomelea zilizonaswa, vyenye kina cha sehemu ndogo ya milimita. Ekseli laini ya Wöhler ilitumia sehemu kubwa ya maisha yake ikingoja ufa uzaliwe. Kiungo cha lehemu kinazaliwa na ufa wake. Kinachobaki ni kukua tu.

Kutokana na hilo linafuata jambo ambalo watu wengi hawalikubali mpaka waoneshwe: chuma cha nguvu zaidi hakisaidii. Ukinunua chuma cha bei ghali chenye uwezo mara mbili wa kubeba mzigo mmoja, kisha ukakilehemu kama kawaida, maisha yake chini ya mapigo ya kurudiarudia yanabaki karibu yaleyale ya chuma cha kawaida, kwa sababu ufa ukishakuwepo unakua kwa kasi ileile katika vyote viwili. Mwingereza T. R. Gurney na wenzake katika taasisi ya utafiti wa kulehemu huko Cambridge walilithibitisha hili kwa majaribio mengi, na kitabu chake cha 1968 kuhusu uchovu wa miundo iliyolehemiwa kilikuwa mwalimu wa kizazi kizima.

Basi wahandisi waliacha kuuliza "chuma hiki ni cha aina gani?" wakaanza kuuliza "kiungo hiki kina umbo gani?" Kanuni za Ulaya zinazotumika leo zimevipanga viungo katika ngazi, na kila ngazi ina namba. Namba hiyo ni tofauti ya mkazo, kwa niutoni kwa kila milimita ya mraba, ambayo kiungo kitaivumilia mara milioni 2. Bamba lisilo na lehemu liko juu kabisa, 160. Lehemu inayounganisha mabamba mawili uso kwa uso, iliyosagwa ikawa laini, inapata 112. Ukiiacha bila kusagwa lakini ikiwa nzuri, 90. Kipande kifupi kilicholehemiwa kukatiza mhimili, 80. Kipande kirefu kilicholehemiwa kufuata urefu wa mhimili, 56. Na viungo vibaya kuliko vyote, kama ncha ya bamba nene la kuongezea nguvu, huanguka hadi 36. Chuma ni kilekile katika vyote. Kilichobadilika ni namna mkono wa mtu ulivyokiunga.

Kupunguza namba kutoka 80 hadi 56 kunaweza kuonekana ni jambo dogo. Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme mhimili wa daraja unapata pigo moja kwa kila behewa, treni ina mabehewa 40, na treni 5 hupita kwa siku. Hayo ni mapigo 200 kwa siku, 73,000 kwa mwaka. Tuseme kila pigo ni tofauti ya mkazo ya 80. Kiungo cha ngazi ya 80 kitafikisha milioni 2 baada ya miaka 27. Kiungo cha ngazi ya 56 kitadumu miaka 9. Sasa rudi kwenye kile cha miaka 27, na mwenye mali apakie kila behewa asilimia 20 zaidi ya haki yake. Kanuni ni ya mara tatu: mkazo ukiongezeka, maisha yanagawanywa kwa kiwango cha ongezeko hilo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu. Moja nukta mbili, mara moja nukta mbili, mara moja nukta mbili. Miaka 27 imekuwa 16. Siku ya kwanza ya kuzidisha mzigo hakuna kilichoonekana. Mwaka wa kwanza hakuna kilichoonekana. Daraja lilisimama, watu wakasema, mmeona, linabeba. Lakini chuma kilikuwa kinahesabu.

Treni za kweli hazifanani. Nyingine tupu, nyingine zimejaa. Kwa hilo walitangulia Mswidi Arvid Palmgren mwaka 1924, aliyekuwa akishughulika na bearingi, na Mmarekani Milton Miner mwaka 1945, aliyekuwa akishughulika na ndege. Walisema hivi: kila pigo linakula sehemu yake ya maisha, pigo kubwa sehemu kubwa, pigo dogo sehemu ndogo. Jumlisha sehemu zote, na zikifika moja kamili, maisha yamekwisha. Ni kama gunia la mahindi ambalo kila mgeni anachota kadiri ya tumbo lake. Hesabu hii si timilifu, na wahandisi wanaijua kasoro yake. Lakini inadai kitu kimoja ambacho hakuna mashine inayoweza kukitoa: kumbukumbu. Ni treni ngapi zimepita? Za tani ngapi? Tangu lini? Pasipo daftari, mhandisi mwenye elimu kuliko wote anabaki kama msomaji wa lukasa aliyepewa ubao usio na shanga.

Ajali ya lehemu iliyoshtua dunia ilitokea jioni ya tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini. Alexander L. Kielland lilikuwa jukwaa la kulala wafanyakazi wa mafuta, limesimama juu ya nguzo tano zinazoelea, likiwa na watu 212. Mhimili mmoja ulikatika, nguzo moja ikachomoka, jukwaa likalala ubavu kisha likapinduka. Watu 123 walikufa. Wachunguzi walipoufikia mhimili uliokatika, walifuata mistari ya ufa kurudi nyuma mpaka ulikoanzia. Ulianzia kwenye kitu ambacho hakikuwa na kazi yoyote ya kubeba mzigo: kishikio cha chombo cha kusikilizia sauti majini, kilichotiwa kwenye tundu la mhimili huo na kuzungushiwa lehemu ya milimita 6. Ndani ya ufa walikuta rangi. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwepo tangu jukwaa lilipokuwa likitengenezwa, ukapakwa rangi, ukapelekwa baharini. Mawimbi yakafanya yaliyobaki, wimbi baada ya wimbi, kwa miaka minne.

Nimekifikiria kishikio kile mara nyingi. Aliyekichora hakudhani anaunda kiungo. Aliyekilehemu aliona ni kazi ndogo ya mwisho wa siku. Na hapo ndipo ninaporudi Haut-Lomami, kwa sababu vishikio vya namna hiyo vimejaa popote penye chuma kizee na fundi mwenye nia njema. Bomba la kupitishia waya linalehemiwa kwenye mhimili wa daraja. Ngazi ya mkaguzi inalehemiwa. Bamba lililooza kwa kutu linafunikwa na bamba jipya, lehemu ikizungushwa pande zote. Daraja la ribiti, lililokuwa ukoo, sasa limeunganishwa mahali ambapo waliolijenga walikusudia litengane. Tena vyuma vingi vya zamani vina madini ya salfa na fosfori ambayo hayapatani na moto wa lehemu. Mtu amekusudia kutibu, na ameacha jeraha la ngazi ya 36 kwenye mwili uliokuwa na nguvu ya 71, ambayo ndiyo namba inayopewa kwa kawaida viungo vya ribiti. Rekebisho baya kwa lehemu ni baya kuliko kutokurekebisha.

Njia ya Katanga imebeba mengi. Mwaka 1952, kati ya Jadotville, yaani Likasi, na Tenke, iliwekewa umeme wa masafa ya kawaida ya viwandani, miongoni mwa njia za kwanza duniani kufanya hivyo, na kadiri miaka ilivyopita nyaya zikafika hadi Kamina. Mwaka 1974 makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa kampuni moja ya taifa, ambayo leo inaitwa SNCC. Baada ya hapo vikaja vita vya Shaba vya 1977 na 1978, kuanguka kwa kampuni ya migodi ya Gécamines, vita vya 1996 na 1998, na mishahara ambayo wafanyakazi wa reli waliingoja miaka. Katika miaka yote hiyo chuma hakikusitisha hesabu yake. Mataruma ya chuma yaliendelea kubonyea na kunyanyuka, na penye matundu ya kushikia reli ndipo taruma la namna hiyo linapoanza kupasuka. Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa usafiri uliolenga, pamoja na mengine, kuiinua reli hiyo.

Tarehe 22 Aprili 2014, treni ya mizigo iliyokuwa imebeba pia abiria wengi iliacha njia kaskazini ya Kamina. Watu wasiopungua 48 walikufa. Mwezi Machi 2022, huko Buyofwe katika mkoa jirani wa Lualaba, treni nyingine ya mizigo ilianguka na watu 75 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa wamepanda mabehewa ya mizigo kwa kukosa safari nyingine. Sisemi kwamba ajali hizi zilitokana na lehemu iliyochoka. Aliyekufa relini anastahili ukweli, na kubuni chanzo cha kifo chake ni kumkosea mara ya pili. Nasema hivi tu: katika njia ambayo mabehewa hupakiwa bila kupimwa na watu hupanda bila kuhesabiwa, hakuna awezaye kukaa chini na kukokotoa maisha yaliyobaki katika kiungo chochote. Daftari halipo.

Kuna la kufanya, na si la gharama isiyofikika. Ukaguzi unaanzia kwenye macho na brashi ya waya: safisha kutu ukingoni mwa lehemu, tazama kama kuna mstari mwembamba wa unga mwekundu, maana ufa unaofunguka na kufunga husaga kutu na kuitema nje. Rangi ya kupenya huja katika makopo mawili: ya kwanza inaingia ufani, ya pili inaivuta nje, na mstari mwekundu unajitokeza juu ya weupe. Wakaguzi wa magurudumu wa zamani walitembea kando ya treni na nyundo ya mpini mrefu, wakigonga na kusikiliza. Gurudumu zima lililia kama kengele, lenye ufa lilikoroma. Sikio la namna hiyo bado linaweza kufundishwa.

Na kuna tiba moja ambayo kila nikiisoma nawakumbuka watu wa Kisale. Lehemu ikishapoa, fundi anachukua nyundo ndogo ya upepo yenye ncha ya duara na kuupiga ukingo wa lehemu, mpigo juu ya mpigo, mpaka ukingo wote uwe na bonde dogo linalong'aa. Kule kupiga kunalainisha umbo na kuziba vidonda. Zaidi ya hayo, kunaugeuza ule mvutano uliobakia kuwa mgandamizo, kiasi kwamba ufa ukitaka kufunguka unakuta mlango umesukumwa kutoka pande zote. Mapendekezo ya taasisi ya kimataifa ya kulehemu yanaruhusu kuiongeza nguvu ya kiungo cha chuma cha kawaida kilichopigwa hivyo kwa mara 1.3. Ukikumbuka kanuni ya mara tatu, maisha yanazidi mara mbili. Wahandisi walifikia hapo katika karne ya 20, wakiwa na darubini na mashine za kupima. Mhunzi aliyelazwa na fuawe yake kando ya kichwa, bondeni Upemba, alikuwa akipiga chuma ili kikaze karne nyingi kabla yao.

Kwa hiyo nawaomba wanaoshika reli ya Kamina leo, wakuu wa karakana na vijana wenye kofia za kuchomelea: kabla ya kulehemu kipande chochote kwenye mhimili wa daraja, hata kama ni kishikio cha waya tu, uliza kitashuka ngazi gani. Baada ya kulehemu, saga ukingo na uupige. Na kila treni inayovuka Lualaba pale Bukama, andika tarehe yake, mabehewa yake na tani zake.

Chuma kimekwisha kuiandika.